Mfupa Asio Nao Mbuzi

Kabla sijafika kwenye bega, niseme kwanza la kioo, kwa sababu kila nikilikumbuka lile bega, kioo hutangulia kuingia kama mgeni asiyealikwa.

Dada yangu mkubwa alipoolewa, mimi ningali mtoto wa kaptura. Upande wa mume ukaleta kioo. Si kioo cha mkononi, la. Kioo cha kusimama, kirefu kumshinda baba na kilemba chake, na fremu yake ya msaji imechorwa maua. Mahamali wawili walikibeba kutoka Marikiti mpaka kwetu Mji wa Kale, nyuma ya Ngome, mmoja mbele mmoja nyuma, uso wa kioo umeelekea ubavuni. Basi kila baraza waliyoipita, waliokaa barazani walijiona. Wanawake madirishani waliteremka kutazama. Mzee mmoja, ambaye alikuwa haongei na nusu ya mtaa, alikitolea salamu kioo, na alipogundua ni nani aliyeitikia akasingizia mato yake kuwa mabovu.

Jirani yetu alikuwa na beberu. Beberu huyu alizoea kulala kwenye baraza ya msikiti mdogo kama kwamba yeye ndiye mwadhini. Kioo kilipomfikia akaona beberu mwingine, ndevu kama zake, amelala barazani mwake. Akasimama. Na yule akasimama. Nadhani hilo la kuigwa ndilo lililomuudhi, maana angekuwa na subira dakika moja tu kioo kingepita na mambo yangekwisha. Hakuwa na subira. Sauti ile bado naisikia. Hamali wa mbele alikaa tini na fremu tupu shingoni, akasema, "Nami nilikuwa nimekwisha kufika," na kwa kweli zilibaki nyumba tatu tu.

Dada akalia, mama akasema ni mkosi, baba akasema mkosi ni wa mwenye beberu. Mwisho wake mwenye beberu alimtoa beberu, aliwe harusini, ugomvi ufe. Akaitwa mchinjaji mmoja mzee, Mbajuni, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Akamchinja uani kwetu, akamtundika, akamchuna, nami nimesimama karibu mpaka damu ikanirukia. Alipofika begani nilingoja achukue shoka. Hakuchukua. Alipitisha kisu baina ya mkono na mbavu, taratibu, kama anayefungua barua, na mkono mzima wa yule beberu ukatoka kama mtu anavuliwa kanzu. Hapakuwa na mfupa uliolia. Nikamuuliza imekuwaje, akaniambia mkono wa mbuzi umeshikwa na nyama tu. Ukiijua nyama, mfupa hautakusumbua.

Maneno hayo niliyashika kuliko yote niliyosomeshwa. Si mengi niliyosomeshwa. Chuo cha Kurani nilifika kusoma. Skuli nilifika kutajwa jina asubuhi. Nilimfuata yule mzee mpaka akafa, nikarithi visu vyake na gogo lake, na miaka ya tisini inapoingia mimi ni mtu mzima, nina bucha yangu ndogo ubavuni mwa soko la Marikiti, ndevu zimeanza kuwa na chumvi.

Sasa hili la kukanda lilianzaje? Lilianza na shingo ya jirani yangu muuza viungo, iliyogoma kugeuka. Nikaipapasa, nikaona ni kile kile kinachokaza kwa mbuzi aliyefungwa vibaya garini. Nikamkanda kwa mafuta ya simsim na chumvi ya moto kitambaani, akageuka. Kesho yake wakaja wawili. Mahamali wa Marikiti ni watu wa kuumia, na hospitali ni foleni, na foleni ni siku bila kazi. Wakanifanya fundi wao. Nilikuwa nikijua kifua cha mtu kama ninavyojua kidari, bega kama ninavyojua mkono wa mbuzi, na hakuna aliyeona ubaya katika hilo. Nami nilikuwa sioni.

Niseme na ada yetu, maana bila hiyo mwisho wa maneno yangu hautaeleweka. Kwetu mkandaji halipwi, wala hashukuriwi. Ukimwambia asante umeifunga dawa. Umesema basi, imetosha, sirudi. Kwa hiyo mtu akimaliza kukandwa huinuka, huvaa shati lake, huondoka kimya kama anayetoka chumbani mwake. Wageni huona ni ukosefu wa adabu. Ndiyo adabu yenyewe.

Katika mahamali hao palikuwa na mmoja, Mduruma wa huko nyuma ya Mariakani, Mkristo wa kanisa la Jumapili, mfupi, kifua kimejaa, mwenye maneno ya kuchekesha akiyatoa bila yeye kucheka. Rika letu halikupishana sana. Mimi nikimwita yakhe, yeye akiniita fundi. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama goti la ngamia, na wenzake wakisema pale unaweza kuweka birika la chai lisimwagike. Alibeba lumbesa. Asiyejua lumbesa ni nini, ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kilemba cha viazi juu yake na kushonewa wavu, mkulima akapunjwa huko shambani na hamali akavunjwa mgongo huku mjini. Yeye aliingia tini ya lumbesa, akanyanyuka nayo, na akaweza kukusalimia hapo hapo, habari za nyumbani, na watoto, bila sauti kubadilika. Kwa bega lile alijenga kijumba, akasomesha watoto wanne. Mkewe akiuza mchicha upande wa pili wa soko, lakini mchicha ulikuwa wa chumvi na kibiriti. Nyumba ilisimama juu ya bega.

Mwaka ule wa mvua za El Nino, barabara ya kutoka bara ilikatika, malori yakalala njiani, na yalipofika, viazi vingine vimeanza kutoa maji. Soko zima lilikuwa utelezi. Asubuhi moja yakhe wangu aliteremsha lumbesa kutoka lorini, akakanyaga majani ya kabichi yaliyooza, akaenda ubavu, akaangukia ncha ya bega lile lile, na gunia likamfuata.

Waliniletea mimi, kwa sababu bucha yangu ilikuwa karibu na kwa sababu nilikuwa na jina. Wakamkalisha kwenye benchi ya wateja. Mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, kichwa amekiinamisha upande wa maumivu. Nikamfungua shati. Juu ya kifua, chini ya shingo, palikuwa na kitu kimesimama chini ya ngozi kama pembe changa.

Hamali mmoja akauliza, "Huyu leo auzwa mzima ama kwa kilo?"

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akauma meno.

Nikapapasa. Nyama ya kifua ilikuwa imekaza kama kamba ya mzigo, kutoka kidarini mpaka mkononi. Nikasema bega limeteguka, nyama imelivuta, na hiyo pembe ni fundo la nyama. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyekosea. Mkewe alikuwa amekuja mbio, vidole vyake vina udongo wa mchicha. Akaniambia kwa heshima zote, "Baba, si afadhali tumpeleke hospitali wakamtazame kwanza?"

Naye alikuwa na haki. Lakini palikuwa na watu pale, nami nilikuwa na kisu kiunoni na jina kichwani. Nikamjibu, "Hospitali watamtia plasta mwezi mzima, mkono ukauke kama samaki, uwe ng'onda. Wataka mume ama wataka ng'onda?"

Wote wakaangua kicheko. Mama wa watu akatazama tini, akakunja ncha ya leso yake. Nimesema mengi maishani mwangu, na mengine ni mabaya kuliko hilo, lakini hilo la ng'onda ndilo linaloniamsha.

Nikamlaza, nikatia unyayo wangu kwapani mwake, nikaushika mkono, nikavuta kwa uzito wangu wote. Pakalia kitu ndani, ko, na ile pembe ikashuka. Watu wakasema mashaallah. Yeye akatapika kidogo, akaomba maji. Nikamfunga kwa kikoi changu, akainuka, akaondoka bila neno, kama ada.

Kesho yake pembe ilikuwa imerudi. Nikasema ni uvimbe. Nikaikanda. Kila siku nikaikanda, nikiisukuma tini kwa kidole gumba, yeye akitazama dari na jasho likimtoka, akinitania, "Fundi, punguza, wanikanda kama wataka kuniuza." Kabla mwezi haujapita nikamwambia arudi kazini na mizigo midogo, kwamba nyama iliyolala huamshwa kwa kazi. Akarudi. Alikuwa mtu wa kutii.

Bega halikurudi. Lilitulia, ndiyo, maumivu yakapungua, lakini lilitulia mahali si pake. Lilishuka, likaja mbele, likaingia kifuani, mpaka shati likawa lateleza upande huo na ukimtazama kwa nyuma wadhani ana jambo analolificha. Vidole vikawa vyafa ganzi. Siku aliyojaribu lumbesa tena, alinyanyuka nayo, akafika mlangoni mwa soko, mkono ukamwacha, na viazi vikatawanyika mpaka kwenye mikokoteni. Hakutukana mtu. Alivikusanya kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, na hakuna aliyemkaribia kwa sababu tuliona haya kumsaidia.

Baada ya hapo akawa wa kusukuma mkokoteni kwa nyuma, kwenda Shimanzi na kurudi. Kisha akawa wa kulinda mikokoteni ya wenzake wanapokula. Kisha akakaa kando ya mkewe, akifunga mchicha mafungu. Wale waliokuwa wakimwekea birika begani sasa walimwita hamali wa mchicha. Aliwajibu, "Nyinyi chekeni, mimi mzigo wangu hauna lumbesa," na wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao, nikikata nyama, nikiwa sijui bado.

Kila Jumamosi alikuja kukandwa. Mchana, baina ya adhuhuri na alasiri, soko linapopumua. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki kweli, maana kukanda ni mazungumzo. Aliniambia habari za mnazi wa babake uliogombaniwa, nami nilimwambia habari za kioo. Kioo alikipenda. Aliniuliza mara nyingi yule hamali wa mbele alifanywa nini. Nikimwambia hakufanywa kitu, na alipewa pilau, alitikisa kichwa kama asiyesadiki. Na kila Jumamosi, kabla hajavaa shati, aliniuliza, "Litarudi, fundi?"

Nami nikimjibu, "Litarudi."

Basi yakanipata yangu. Mwaka uliofuata bega langu la kushoto likaganda. Sikuanguka, sikugongwa, liliganda tu, kama mafuta ya nazi wakati wa baridi. Nikashindwa kuifikia kulabu ya kutundikia nyama. Nikashindwa hata kujifunga kilemba. Nilijikanda, nikakandwa na mwanangu, wapi. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuzipenda habari zangu za kukanda watu, akanipeleka hospitali moja hapa kisiwani kama mtu anayempeleka mbuzi sokoni, yeye mbele mimi nyuma.

Nikapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyekuwamo ni binti mdogo, umri wa mwanangu, akaniambia nivue shati. Nikauliza hakuna mwanamume. Akasema yupo, amekwenda kula, ningoje ama nivue. Nikavua. Akanisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nitembeze vidole kwenda juu, kama buibui apandavyo. Mimi, mtu wa visu, nikawa buibui. Na nilipokuwa napanda hivyo, pole pole, nikaiona ile picha.

Ilikuwa karatasi kubwa ukutani. Mtu amesimama, mikono wazi, amechunwa. Astaghafirullah, nilishtuka, kisha jicho la kazi likanishinda. Amechunwa vizuri, nikajisemea. Hapana mahali kisu kilipotoboa. Nyama zote nyekundu, kila moja na mpaka wake. Hii kidari, imetandazwa kama upepeo, inaanzia katikati ya kifua, inakusanyika, inakwenda kushika mfupa wa mkono. Hii kofia ya bega. Hizi za nyuma, za kombe la bega. Nilizijua zote kama watoto wangu. Binti akafurahi kuona mzee anatazama picha badala ya kulalamika, akaacha kuandika akaja kusimama nami.

Palikuwa na mfupa mmoja nisioujua. Ulilala kwa juu, kama kipini, kutoka kooni mpaka ncha ya bega, huku na huku. Nikamuuliza huu wa nini.

"Mtulinga huo, babu. Unao na wewe." Akagusa shingo yake mwenyewe kunionyesha.

Nikagusa yangu. Bila shaka ulikuwapo. Umekuwapo tangu kuzaliwa kwangu. Hata jina lake nalijua, mkufu wa mke wangu hukaa hapo hapo. Lakini mikono yangu haikuujua. Mikono yangu ilisomea mbuzi, na katika mbuzi wote waliopita tini ya kisu changu, na ng'ombe, na kondoo wa Idi, kisu hakijapata kugonga mfupa mahali pale. Mbuzi hana. Mkono wa mbuzi umeshikwa na nyama tu. Nikakumbuka pembe changa chini ya ngozi, na vidole vyangu vikapoa.

Yule binti akaendelea kunieleza, maana aliona nasikiliza. Akasema mfupa huu ndio boriti ya bega. Ndio unaolizuia lisiangukie kifuani. Ukivunjika, nyama ya shingo huvuta kipande cha ndani kwenda juu, kinasimama. Uzito wa mkono hushusha kipande cha nje. Na hii kidari, akaipitisha kalamu yake, hii kubwa ya kifuani, huuvuta mkono ndani, ndani, vipande vikapandana. Alikuwa akinieleza mtu nimjuaye. Angekuwa na picha yake ukutani asingemweleza vizuri zaidi.

Nikamuuliza, "Na ukivunjika, kisha mtu akauvuta mkono, akaukanda pale palipovunjika, kila siku?"

Akanitazama. "Nani atafanya hivyo, babu?"

"Watu," nikasema.

"Basi utaungana kombokombo, na mishipa ya mkono ipitayo pale chini itabanwa. Na haina haja. Huo mfupa mwema sana. Ukiufunga mkono ukaupumzisha, waungana wenyewe. Hautaki fundi. Wataka kuachwa tu."

Nilitoka pale nikasahau kufunga vifungo vya shati langu. Mke wangu akaniuliza wamekwambia nini, nikasema wameniambia nipande ukuta.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Nitasema ukweli, kwa sababu nimekwisha kuzeeka na uongo unataka kumbukumbu: kukosea kwangu siku ile ya lumbesa hakuniumi kama yaliyofuata. Siku ile sikujua. Mtu asiyejua ana mlango wa kutokea. Lakini Jumamosi iliyofuata yakhe alikuja, akavua shati, akakaa kwenye benchi, nami nikijua nikatia mafuta mikononi. Vidole vyangu sasa viliona. Vilikuta ncha mbili za mfupa zimepandana kama miguu ya mtu aliyekaa akingoja. Nikazipitia juu kama sizioni. Akaniuliza, "Litarudi, fundi?" Nikafungua kinywa nimwambie.

Nikasema, "Litarudi."

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Jina, ndiyo; mahamali wote wangejua, na muuza viungo, na msikiti mzima. Lakini jina si lote. Niliogopa hatakuja tena Jumamosi. Nilikuwa nimezoea ile saa, na chai yake ya rangi aliyoileta kwenye chupa, na hadithi za mnazi. Nikawaza, akiambiwa atapata nini? Mfupa umekwisha kuungana. Hivyo ndivyo nafsi inavyojipikia. Ningeweza angalau kumpeleka kwa yule binti, ampe mazoezi, kidole kimoja kikapata uhai. Sikumpeleka. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda kila Jumanne, napanda ukuta wangu, bega langu lapona, na Jumamosi nakanda lake lisilopona. Ramadhani ikaingia. Alikuja vilevile, na kwa kuniheshimu hakuleta chai. Nikakanda nikiwa na saumu, na sijui saumu ile iliandikwa wapi. Idi ikapita. Akaniletea mchicha wa Idi, mafungu matatu, mkewe ndiye aliyeufunga.

Mchicha ule ulinishinda. Mke wangu aliupika na nazi, nikatia tonge, halikupita. Hata hivyo nilichukua Jumamosi nyingine nyingi kabla ya kusema. Mahujaji walikuwa wamekwisha kuondoka nilipopata moyo, na hata siku hiyo si mimi niliyeupata. Ni swali lake lililonipata nimechoka.

Ilikuwa saa ile ile ya soko kupumua. Paka wa bucha amelala tini ya gogo. Nilikuwa nimekwisha kumkanda, yeye amekaa ameinamisha kichwa, shati mapajani. Akauliza kama kawaida litarudi. Nikafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, nikasema, "Halitarudi, yakhe. Halikuteguka siku ile. Ulivunjika mtulinga, nami nikaukanda. Mbuzi hana mfupa huo, sikuujua. Mkeo alisema kweli."

Akapeleka mkono wa kushoto, akapapasa pale penye fundo, pole pole, kama anayetafuta kitu gizani. Hakuonyesha hasira. Nilitaka aonyeshe.

"Umelijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipokwenda hospitali na langu."

"Kabla ya mfungo ama baada?"

"Kabla."

Akahesabu kwa macho, nilimwona akihesabu, Jumamosi moja baada ya moja. Kisha akasema, si kwangu, alisema kwa benchi, "Nilidhani ni mimi. Nilidhani ni bega langu lina ukaidi. Mama watoto nimemgombeza kila akitaja hospitali, nikamwambia anataka kunifanya ng'onda."

Nilisema nisamehe, nikasikia lilivyo dogo. Nikamwambia pale hospitali yuko binti, Jumanne, nitampeleka mimi mwenyewe, nitangoja naye foleni. Alianza kuvaa shati namna yake ile, mkono mbovu kwanza, akiuingiza kwa kuusukuma na mwenzake, kisha mzima. Akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ambacho huwa hakifungi. Akalichukua gunia lake kuukuu la kutandika begani, ambalo alikuwa bado anatembea nalo ingawa halina kazi, akalikunja, akaliweka bega la kushoto.

Nilijua ataondoka kimya, ndiyo ada, na nilikuwa najiambia kwamba kimya hicho hakitanipa habari yoyote, kwamba nitapaswa kungoja Jumamosi nijue. Alifika kizingitini, akasimama. Akageuka, akanitazama usoni kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Asante, bwana," akasema.

Muda wote ule hakuwahi kulitamka neno hilo. Akatoka juani, akapita majani ya kabichi akichagua pa kukanyaga, akapita mikokoteni, akamfikia mkewe. Akainama, akamwambia neno. Mkewe hakutazama upande wangu. Akaanza kukusanya mchicha ndani ya leso, naye yakhe akatwaa ndoo kwa mkono wa kushoto, wakaondoka pamoja kwa njia ya Shimanzi, mkewe upande ule wa bega lililoanguka, na yakhe hakurudi.